Kipande cha Chini

Kanga ya Siwema iliandika ikiwa kambani.

Alikuwa ametoka kuanua nguo, beseni kiunoni, vibanio ameviuma mdomoni. Akaona pale penye nafasi ya jina, ambapo tangu agawiwe palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa, pameanza kuingia rangi. Kwanza ilikuwa kama tone la chai. Tone likanyooka likawa mguu wa herufi, herufi ikaita mwenzake, hadi maneno yakakaa mstari mmoja, meusi, yametulia: NJOO TUZUNGUMZE.

Vibanio vikamdondoka.

Akatazama huku, akatazama kule, kama mwizi wa kuku. Jirani yake Bi Tatu alikuwa amempa mgongo, anamkemea mbuzi. Siwema akaichomoa ile kanga haraka, akaikunja maneno yaingie ndani, akaikumbatia, akaingia nayo chumbani na kukaa kitandani.

Kondoa nzima ilikuwa inayajua maneno yale mawili. Bi Tatu mwenyewe yalimtokea mwaka juzi, akaenda kituo cha afya, akarudi amepunguzwa utumbo, na sasa anakula kumshinda punda wake. Lakini yalimtokea pia marehemu Shabani wa mashine ya alizeti, kwenye kikoi chake, naye akajifanya hajui kusoma. Alipokwenda alikuwa amechelewa, wakabaki kumpunguzia maumivu tu.

Siwema akajishika tumbo. Likanguruma.

"Maharage," akaliambia. "Ni maharage ya jana tu, wewe."

Lakini kanga za afya hazikuwa na habari na maharage. Wataalamu walizisuka kwa nyuzi zinazosikiliza ngozi. Mtu akiwa na uvimbe ndani ya tumbo, kwenye utumbo au kongosho, huko ndani hakuna jicho linalofika, wala mwenyewe hasikii kitu. Ngozi ndiyo wakati mwingine hutangulia kupata habari, na ile kanga hukaa juu yake kutwa nzima, ikiisikiliza kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto aliyelala.

Akaikunjua, akaisoma tena, akaikunja. Halafu akafanya alilolifanya tangu ujana wake kila dunia ilipompinduka. Akatia kanga yake kwapani, akaenda kwa Mwavita.

*

Mwavita alikuwa mpishi wa shughuli. Hakuna mtoto aliyetolewa nje mtaa ule, wala maiti aliyeombewa, wala mahari iliyopokelewa, bila Mwavita kusimama juu ya sufuria. Siku hiyo alikuwa na chakula cha arobaini ya mtoto mchanga wa jirani. Paa lake lilikuwa limeshiba jua na majiko yote yanavuma. Yeye alikuwa katikati ya mvuke, amejifunga kanga kifuani, kanga nyekundu yenye maua ya alizeti. Siwema aliyekuja mlangoni alikuwa ameshika nyingine, nyekundu vilevile, yenye maua yaleyale.

Zilikuwa doti moja. Huko kwao wanawake wawili wakipendana sana hununua doti, wakaikata katikati, kila mmoja akabaki na chake, na tangu siku hiyo wakaitana kipande. Nguo iliyokatwa hivyo hairudishwi. Anayeidai amekata urafiki, na mtaa mzima utataka kujua kisa.

"Kipande!" Mwavita akapaza sauti bila kugeuka. "Nimeijua kandambili yako. Njoo ushike huu mwiko, mkono wangu umechoka."

"Kipande changu, kaa kwanza."

"Nikae, wali uungue, unisimange mpaka Idi?"

"Mwavita."

Alipoitwa jina lake, akageuka. Siwema akaikunjua ile kanga mbele yake, bila kusema neno. Mwavita akasoma, midomo ikicheza. Mwiko ukaanguka kwenye sakafu.

"Wewe?" akasema. "Wewe, Siwema? Unayekula kama kijana wa jeshi?"

Siwema akaanza kulia. Mwavita akamvuta, akambana kifuani, pale penye jasho na harufu ya iliki.

"Nyamaza. Nyamaza, nakuambia. Ukifa nitakuua, unasikia? Twende sasa hivi. Nitakusindikiza mpaka getini. Ndani siingii, unajua, lakini getini nitasimama, hata jua linikaushe niwe kama dagaa."

"Na shughuli ya watu?"

"Sufuria zina akili kuliko wewe, zitajizima." Akanawa mikono, akaipangusa, na akavitazama viganja vyake kama mtu anayetazama viatu vya mwingine. "Hebu ona. Nimeosha matumbo ya ng'ombe miaka yote hii, sasa yameamua kunihamia. Viganja vyangu vimekuwa taulo kabisa."

Taulo, kwa wasiopika, ni lile tumbo la ng'ombe lenye manyoya mafupi na mikunjo, ambalo ukilishika ni zito na laini kwa pamoja. Viganja vya Mwavita vilikuwa hivyohivyo, vimenenepa, mistari yake imezama kama mitaro. Wakacheka kidogo. Siwema alicheka naye, machozi hayajakauka.

*

Ni lazima isemwe hapa kwa nini Mwavita hakuingia ndani ya geti la kituo.

Mama yake alikuwa mpishi vilevile, naye ndiye aliyemfundisha. Kanga za mwanzo kabisa, zile za majaribio, zilikuwa haziandiki maneno ya adabu. Zilitaja ugonjwa wazi, mtu yeyote akapita akasoma. Ya mama yake ilitaja. Kuanzia siku hiyo wageni wakaja kwenye shughuli wakasema wameshiba, sahani zikarudi jikoni zimejaa. Hakuna aliyemtukana yule mama. Waliacha kula tu. Akapelekwa hospitali kubwa, akafia huko nyuma ya pazia, na mikono yake ilikuwa haijanuka kitunguu kwa muda mrefu.

Kwa ajili ya watu kama yeye sheria ikabadilishwa: asiyetaka kusomwa asisomwe. Siku ya kugawa kanga mpya, Mwavita alikwenda mpaka mezani, akaweka dole gumba palipoandikwa SITAKI, akarudi nyumbani ameinua shingo.

Siwema alichukua yake. Alipoyaona yale maua ya alizeti roho ikamsuta kuyavaa peke yake. Na wakati huo wanawake walikuwa wameshaambizana kisimani kwamba kipande cha juu ndicho kinachosoma, ndiyo maana kina nafasi ya jina. Cha chini ni bubu, ni nguo tu, hakina hata pa kuandikia. Wengi walishakata na kugawana. Siwema naye akatia mkasi, akapinda upindo, akampelekea mwenzake.

"Hiki hakisemi kitu," alimwambia.

Mwavita alikigeuza upande huu na upande ule, akamtazama rafiki yake usoni, akakivaa.

*

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nesi Ombeni alikuwa msichana wa Babati, mwenye sauti ya taratibu. Alimtazama Siwema shingoni, akamwomba ainue mikono akamtazama kwapani, akamshika viganja na kuvifungua kama anayetafuta mwiba. Akamlaza ndani ya sanduku la mwanga. Mwanga ukapita tumboni mwake bila kumgusa, wa bluu kama alfajiri, na ukutani likatokea tumbo lake mwenyewe likipumua. Siwema akafumba macho, maana hakuzoea kujiona huko.

"Amka, bibi. Tumbo lako zuri. Lina gesi tu."

"Nilijua! Maharage!"

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini Ombeni hakucheka naye. Alikuwa ameishika ile kanga, anaipapasa mahali palipokatwa.

"Ilipoandika ulikuwa umeivaa?"

"Ilikuwa kambani."

"Na ile ya chini iko wapi?"

Siwema akaanza kutafuta kandambili zake.

Ombeni akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Bibi, kipande cha juu hakisikii chochote. Kinapokea habari na kuandika, basi, kwa sababu mtu akivua mtandio anausoma. Kinachosikiliza ni cha chini. Tulikichagua hicho kwa kuwa ndicho mnachojifunga kifuani mkiwa nyumbani, kinashinda kwenye makwapa na tumbo. Sisi tulidhani doti moja ni mtu mmoja."

"Mlidhani?"

"Waliozisuka hawakuwa wanawake wa huku."

Nje jogoo aliwika saa isiyo yake. Siwema akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwapa linajuaje habari za tumbo?"

"Uvimbe mwingine wa tumboni unatoa maji ya kuhimiza vitu vikue. Unayatoa kwa faida yake wenyewe. Lakini yakiingia kwenye damu yanazunguka mwili mzima, na ngozi nayo inayanywa. Basi ngozi inakua bila kutumwa. Shingoni na kwapani inakuwa nyeusi, nene, laini kama mahameli. Wengine mgongo unawatoka vidutu vingi kwa mara moja. Shingo nyeusi peke yake isimtishe mtu, bibi, wengi ni sukari, ni unene. Lakini ikija kwa haraka, kwa mtu ambaye anakonda, na viganja navyo vikanenepa, mistari ikazama, vikafanana na..." Akatafuta neno.

"Taulo," akasema Siwema.

Ombeni akamtazama. Halafu akainua mkono wake upesi, kama anayezuia gari.

"Usinitajie jina. Tafadhali, bibi. Ukinitajia, na mtu huyo aliweka dole gumba, itabidi nikushtaki barazani. Sheria iko wazi. Aliyeijua ngozi ya mwenzake asiitangaze, hata kwa mwenye ngozi, kama mwenyewe alikataa kujua."

"Hata kama anakufa?"

"Walioiandika walikuwa wameona watu wakifa kwa njia nyingine." Aliinamisha kichwa. "Kwenye mashine hii jina ni lako. Nikiandika kuwa wewe ni mzima, habari yote itafutwa, itahesabiwa kuwa kosa la nguo."

"Na yule mwingine?"

"Kwenye mashine hakuna mwingine."

"Akija mapema?"

"Akija mapema mara nyingi tunaushinda. Akichelewa..." Hakumalizia. Alikunja ile kanga vizuri, pembe kwa pembe, akampa. "Mimi nafunga kazi zangu Ijumaa jioni. Mpaka hapo sijaandika kitu."

*

Mwavita alikuwa bado yuko getini, amesimama juani, amejifunika kichwa kwa mfuko wa unga.

"Wamesemaje?"

Siwema alifungua mdomo. Akaviona viganja vilivyoshika mfuko.

"Mimi ni mzima," akasema. "Ni gesi tu."

Mwavita akautupa ule mfuko. Akarusha mikono juu, akapiga vigelegele pale njiani, virefu, mpaka waendesha baiskeli wakageuka na mlinzi wa geti akatoka kuuliza nani kaolewa.

"Kipande changu mzima!" akamwambia mlinzi. "Lina gesi tu tumbo lake! Kanga yenyewe mbovu!" Na alipoinama kuokota mfuko wake, ukosi wa gauni ukashuka, Siwema akaiona shingo ya rafiki yake kwa nyuma. Ilikuwa nyeusi kuliko mgongo, nyororo, kama imepakwa masizi na mtu mwenye mkono mwepesi. Aliiona mara ngapi shingo ile? Walikuwa wakisema ni mkufu wake wa bandia uliomchafua.

Jikoni Mwavita alimpakulia supu kabla ya wageni, akamkalia mbele kumtazama anavyokula.

"Na wewe?" Siwema akauliza.

"Harufu imenishibisha."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema tangu masika. Anaonja kwa ncha ya ulimi, anaweka kijiko chini. Gauni alilolishona wakati wa Idi lilikuwa limekwisha kupunguzwa mara mbili. Yote hayo Siwema aliyaona na macho yake, akayapokea kama mtu anavyopokea uzee wa mwenzake, kwa utani.

Siwema akasukuma bakuli. Akasema imekolea pilipili.

*

Siku iliyofuata alizunguka nyumbani kwake kama kuku anayetafuta pa kutaga. Alifagia palipofagiwa. Alifikiri kunyamaza, kwa kuwa Mwavita alisema hataki, akasema mbele ya watu, na mtu mzima akisema hataki, ni nani wa kumgeuzia? Kisha ile shingo ikamrudia akilini.

Akafikiri kumdanganya. Angemwambia kituo kinatafuta mpishi, aende akaonane nao. Akishaingia ndani Ombeni angemwona mikono. Aliipenda njia hiyo kwa muda, akaipanga mpaka maneno. Lakini alipojaribu kuyasema peke yake mbele ya kioo, akajiona anamwaga mtama ili amkamate kuku. Na Mwavita alikuwa ameshanaswa mara moja tayari, kwa mkasi wake yeye Siwema.

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Sheria ilikuwa nzuri. Dole gumba la Mwavita lilikuwa la haki. Yeye ndiye aliyelivunja, akiwa anacheka, na upindo akaupinda vizuri.

Jua lilipopungua ukali akaichukua kanga yake iliyokunjwa, akaenda.

Mwavita alikuwa amekaa kizingitini anajipaka mafuta ya alizeti viganjani.

"Kipande. Umekuja kumalizia supu?"

"Nimekuja na jambo baya nililolifanya."

"Umemla mbuzi wa Bi Tatu? Afadhali."

"Hicho kipande cha chini. Nilikuambia ni bubu."

"Ehe."

"Si bubu, Mwavita. Ndicho kinachosikia. Nilikuwa sijui. Nimejua jana."

Mkono wa Mwavita ukasimama juu ya mwingine. Akayainamia maua ya alizeti kifuani mwake, polepole, kama mtu aliyeambiwa ana nyoka mapajani na asishtuke.

Siwema akaharakisha, kabla moyo haujamwisha. "Hiki cha juu ndicho kinachosema. Nimekuletea, viwe vyako vyote viwili. Ukitaka kukikunjua, kikunjue. Ukitaka kukichoma, nitakuletea kiberiti mimi mwenyewe, na sitaongeza neno mpaka nazikwa. Uamuzi ni wako. Nilikunyang'anya, nakurudishia."

Mwavita hakukipokea.

"Jana uliniambia kimekuandikia," akasema. "Nimekisoma kwa macho yangu, pale jikoni. Halafu ukatoka geti ukasema wewe ni mzima."

Siwema alikuwa bado ameinyoosha ile kanga mbele yake.

"Nami nikapiga vigelegele." Sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa. "Barabarani. Mlinzi akaja. Nilikuwa nashangilia nini mimi, Siwema?"

"Nisamehe."

"Unaniletea nguo imekunjwa, unaniambia nichague kujua au nisijue. Nitachaguaje? Ungekuwa huna neno ungekuja na uso huo? Umeshaniambia. Ulipotokea pale kwenye kona ulikuwa umeshaniambia."

"Sikuona njia nyingine."

"Ungenyamaza!"

"Ningenyamaza ungekufa."

"Ni kufa kwangu!" Akasimama. Mafuta yakamwagika. "Mama yangu walimwacha na sufuria zake zimejaa, unakumbuka? Ulikuwepo. Wewe na mimi tulikula ule wali siku tatu, tukaulazimisha, ili asione unamwagwa. Alituona tukilazimisha. Mimi nilisema afadhali nife mpishi kuliko niishi na watu wakiniambia wameshiba. Nikaenda nikaweka dole gumba. Kwa akili zangu timamu! Na wewe ukanivalisha."

"Nimekuvalisha. Ndiyo."

"Basi toka."

Siwema akaiweka kanga juu ya kinu kilichoegemea ukuta, akatoka. Nyuma yake hakusikia mlango ukifungwa, wala kilio. Alisikia kitu kimoja tu, beseni likiburutwa, Mwavita akianza kuosha kitu ambacho bila shaka kilikuwa kimeshaoshwa.

*

Ijumaa ikafika. Siwema hakuwa amelala vizuri, na chakula alikuwa anakipiga chenga. Alishajiandaa kwenda barazani kujieleza, hata gauni alilipiga pasi. Alikuwa amekaa uani anachambua choroko bila kuziona, ndipo makelele ya njiani yakakatika ghafla, kama mtu kayafunika kwa sufuria.

Akachungulia.

Mwavita alikuwa anakuja katikati ya barabara. Kifuani, juu ya gauni, amejifunga kipande cha chini. Kichwani amejitanda cha juu, amekiweka kwa makusudi jina likae mbele, juu ya paji la uso, lisomeke toka mbali. NJOO TUZUNGUMZE. Alitembea kama anavyotembea akibeba sinia, bila haraka, bila kutazama pembeni. Wanawake wa kisimani walikuwa wamesimama na ndoo zao.

Bi Tatu ndiye aliyethubutu. "Mwavita! Hiyo kanga imeandika?"

"Macho unayo, Bi Tatu."

"Na shughuli ya Maulidi, Mfungo Sita, nani atatupikia?"

Mwavita akasimama. Akauvuta mtandio ukae sawa.

"Nitapika mimi, Mungu akinirudisha. Asiyetaka kula abaki na njaa yake."

Mtoto mmoja alikohoa. Bi Tatu akajikuna pale palipobaki kovu la upasuaji, akamtazama Mwavita juu mpaka chini, kisha akamgeukia mbuzi wake kana kwamba maongezi yameisha.

"Mimi niwekee ukoko," akasema.

"Ukoko una mwenyewe!" mwingine akadakia kule nyuma. "Mwaka jana si uliumaliza peke yako?"

Hapo ndoo zikaanza kugongana tena, na watu wakarudia kubishana juu ya ukoko. Mwavita akapitisha mkono usoni, mara moja, akaingia uani kwa Siwema.

Walitazamana.

"Bado nimekukasirikia," akasema Mwavita.

"Najua."

"Hasira yangu nakwenda nayo na nitarudi nayo. Usidhani itabaki kule kwenye sanduku lao."

"Sawa."

Mwavita akafungua fundo kifuani. Akakivua kipande cha chini, akakikung'uta, akakinyoosha mbele ya mwenzake kwa mikono miwili, vile viganja vyake vizito vimeshika pembe.

"Wewe ulikuwa unajitanda cha juu wakati wote huu, unajiona umesomwa. Hujasomwa hata siku moja. Wamekupima mara moja tu, na ni kwa ajili yangu."

"Kipande hakirudishwi," Siwema akasema.

"Sirudishi. Mimi nilisomwa sikuulizwa. Wewe nakuuliza. Unataka?"

Ni swali dogo. Siwema alikuwa amelijibu zamani mezani kwa wagawaji, haraka, kama mtu anayepokea sukari. Sasa alikitazama kile kitambaa. Aliyaona yale maua yakimtazama. Akafikiria kila kitu kinachoweza kuwa kinakua gizani ndani ya mtu, kimya kimya, huku yeye anachambua choroko. Akatamani kusema kesho. Na kwa mara ya kwanza akaelewa Mwavita alikuwa amesimama mahali gani siku ile alipoweka dole gumba, na palikuwa peke yake namna gani.

Mwavita hakumharakisha.

"Na neno langu likija?" Siwema akauliza.

"Litakuja kichwani kwangu. Nitalisoma mimi, nitakuja kwako, nitakuambia wazi. Sitakuletea nguo imekunjwa."

Siwema akainua mikono. "Nataka," akasema.

Mwavita akamzungushia mwenyewe, akamfunga fundo chini ya kwapa, akalikaza kidogo kuliko ilivyohitajika. Kitambaa kilikuwa bado kina joto lake, na harufu ya iliki.

Walikwenda mpaka kituoni, Mwavita ametangulia. Getini mlinzi akawakumbuka, akaanza kucheka, kisha akayaona maneno kichwani kwa Mwavita, akajikohoza na kufungua geti lote wazi. Mwavita alilitazama kwa muda. Akavitazama viganja vyake, akavifumba.

"Wewe utabaki hapa," akamwambia Siwema. "Juani, kama nilivyobaki mimi. Na hivyo vigelegele vyako viweke. Usithubutu kupiga hata kimoja mpaka nitoke nikuambie mwenyewe."

Akaingia.

Siwema akasimama pale aliposimama mwenzake, mkono mmoja juu ya fundo, midomo ameibana, anasubiri.